O ya Damu, O ya Ndiyo

Vijana mliobaki kwenye meza niliyoiacha mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi ya zamani, "ile ya enzi za disketi," kama anavyosema Ange, ambaye hajawahi kuishika disketi mkononi. Vyeo nitaviruka. Nilipanda, nikashushwa, nikapanda tena; hayo yana mafaili yake. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyojua kwamba kusoma herufi moja kutoka kwenye kibodi ni kazi ya kuogopesha. Ninyi leo mnaandika mstari mmoja, kisanduku kinatokea, mtu anakigusa kwa kidole, imekwisha. Sisi tulikuwa na kitufe, foleni na dua.

Nilizaliwa Biryogo, kule Nyamirambo, ambako wengi wetu tulibembelezwa kwa Kiswahili kabla hatujajua Kinyarwanda vizuri. Mjomba alinichukua Dar es Salaam nikasoma hesabu na kompyuta, na mwaka 1991 nikarudi Kigali kutafuta kazi. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwaka uliotangulia. Mjini maduka yalifunguliwa na watu walikwenda kazini, lakini ilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa mahututi chumba cha ndani: kila mtu anasema kwa sauti ya chini, na mlango ukibishwa wote wanageuka.

Nilipata kazi katika ofisi ndogo mjini iliyokuwa ikitengeneza programu kwa ajili ya mashirika na idara. Kompyuta zilikuwa chache, zenye vioo vyenye maandishi ya kijani, na kila moja ilivishwa kitambaa jioni kama mtoto. Bila kitambaa, vumbi jekundu lingekula kila kitu. Siku ya kwanza nilipewa mashine nikaambiwa niandike programu fupi kwa lugha ya C, nionyeshe ninachokijua. Nilikuwa nimezoea kibodi za Kiingereza. Hizi zilikuwa za Kifaransa, ambazo A imekaa mahali pa Q, na M imehama kabisa. Vidole vyangu havikuwa na habari. Mahali pa M vikaweka mkato, mahali pa A vikaweka Q, na mashine ikanikatalia kila mstari asubuhi nzima. Jasho lilinitoka hadi kwenye mtandio.

Mkuu wa ofisi alikuja akasimama nyuma yangu. Aliitwa Madamu Spesiyoza. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, aliyesoma hesabu Ubelgiji na kurudi, na alikuwa na tabia ya kunyamaza mpaka mtu ajihukumu mwenyewe. Kiswahili alikiokota utotoni, alipokuwa akipelekwa likizo kwa jamaa mpakani karibu na Bukavu, na katika mdomo wake r na l zilikuwa zikipeana viti.

"Zena," akaniambia, "mashini iko inasoma kile kidore kimefanya. Haisomi kile kichwa kimetaka."

Nikasema, "Ndiyo, Madamu."

"Basi futa. Anza tena porepore."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni walinifundisha lugha. Yeye alinifundisha kumwogopa mtu atakayeketi mbele ya programu. Alikuwa akisema kwamba mwandishi wa programu humfikiria mtumiaji kama malaika: anasoma swali, anatafakari, anabonyeza kitufe kimoja, anakaa kungoja. "Malaika hawafanyi kazi Kigali," alisema.

Nitaeleza jambo moja la kiufundi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Katika C ya siku zile tulikuwa na amri iitwayo getch. Kazi yake ni kuchukua kitufe kimoja kutoka kwenye kibodi na kuipa programu. Unauliza swali kwenye kioo, unaita getch, mtu anabonyeza, unapata herufi. Lakini getch haichukui kitufe kilichobonyezwa baada ya swali. Inachukua kitufe cha kwanza katika foleni. Mtu akibonyeza vitufe wakati mashine ina shughuli nyingine, vitufe hivyo havipotei. Vinajipanga kimya kimya, na swali lolote litakalokuja linajibiwa na kile kilicho mbele, hata kama mtu alikusudia kujibu jambo lingine. Wala si kosa la mashine. Mashine ni karani mtiifu anayeitikia kila anayesogea dirishani.

Mwaka 1993 hospitali moja ya mjini, ambayo sitaitaja, ilitukabidhi programu iliyoachwa na mtaalamu mmoja wa Ulaya. Aliiandika, akaifunga, akapanda ndege kabla ya mkataba kwisha, kwa sababu milio ya mizinga ilikuwa imemkaribia kuliko alivyoahidiwa. Programu ilikuwa ya maabara. Mgonjwa akipimwa kundi la damu, majibu yanaandikwa kwenye kadi kwa mkono, kisha mwandishi anayaingiza kwenye kompyuta, na printa inatoa utepe wa karatasi unaobandikwa kwenye faili la mgonjwa. Majeruhi walikuwa wengi. Utepe ule ulikuwa unaokoa muda. Sisi tulitakiwa tu kuitunza programu, na kwa miezi kadhaa haikutusumbua.

Mwandishi wa pale aliitwa Consolata. Alikuwa binti wa mtaa wa Niboye, aliyefunzwa upigaji taipu na masista, na nakwambieni, sijaona tena vidole kama vile. Alikuwa akiweka kadi kushoto, macho kwenye kadi, na mikono inakwenda yenyewe. Masista walimfundisha kwamba anayetazama mashine ni mwanafunzi, anayetazama karatasi ndiye mpiga taipu. Kila nilipokwenda kusafisha kompyuta yake alinichekesha. "Dada Zena, hii mashini yenu iko mzee," aliniambia. "Mimi nimekwisha kufika, yeye bado anavaa viatu."

Nililichukulia neno lile kuwa mzaha.

Asubuhi moja ya Ijumaa simu ikalia ofisini. Madamu Spesiyoza alisikiliza, akaweka simu chini, akachukua funguo za gari.

"Zena, beba disketi zote za hospitali. Tunakwenda."

"Kuna nini, Madamu?"

"Wamemshika Consolata."

Njiani tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari akachukua vitambulisho vyetu. Wakati ule kitambulisho kilikuwa na mstari wa kabila, na kila aliyekipokea alianza kusoma hapo, jina baadaye. Akatazama mstari, akatazama uso wangu, akarudi kwenye mstari. Akaturuhusu. Madamu akabadilisha gia na kusema, kama vile anaendelea na mazungumzo, "Mstari wa Consolata unajua umeandikwa nini." Nilijua. Alikuwa Mtutsi. Sasa nikaelewa kwa nini tunaendesha kwa kasi ile.

Chumba cha maabara kilikuwa na watu wanne. Consolata alikaa kwenye kiti cha ukutani, ameikunja mikono kama aliye kanisani. Mkurugenzi wa utawala wa hospitali alikuwa akitembea huku na huku. Mlangoni alisimama mtu wa koti la ngozi, ambaye hakuna aliyetuambia jina lake, na sisi hatukuuliza. Wa nne alikuwa Bwana Bahati, mkuu wa maabara, Mkongo wa Bukavu, mtu mnene mwenye huruma, na yeye ndiye aliyetueleza.

"Dada, juzi walileta askari wa kutoka mbele, kwenye vita. Damu imemwisha. Utepe wake unasema A, wakamtundikia A. Akaanza kutetemeka, mkojo ukawa mwekundu. Tukaichomoa haraka, na bado anapumua, Mungu ni mkubwa. Mimi nikampima tena. Huyu mtu ni O! Nikarudi kwenye kadi yake ya mkono, niliyoandika mimi mwenyewe: O. Kadi inasema O, mashini inasema A. Nikaanza kutafuta wengine. Nikawapata. Kila mmoja kadi yake ni O, na mashini imempa herufi ya kwake."

"Wote ni O?" Madamu akauliza.

"Wote, Madamu. Hakuna A aliyegeuka B. Hakuna B aliyegeuka A. Ni O peke yao."

Mkurugenzi akasimama. "Unasikia? Mtu mwenye O ukimpa damu ya kundi lingine lolote unamuua. Kama ni makosa ya kawaida yangetawanyika kwa wote. Haya yamechagua. Na aliyeandika wote ni huyu hapa."

Mtu wa koti la ngozi akasema neno moja tu, kwa Kinyarwanda: "Icyitso." Maana yake ni mshirika wa adui. Siku zile neno hilo lilitosha kumwondoa mtu nyumbani kwake asionekane tena.

Consolata aliniangalia. "Dada Zena, mimi niliandika O. Naapa kwa Bikira Mariya. Niliandika kile kadi ilisema."

"Nyamaza," yule mtu akamwambia, bila hasira, kama mtu anayefunga dirisha.

Madamu Spesiyoza alivua saa yake, akaiweka mezani, akavuta kiti mbele ya kompyuta. "Mkurugenzi, programu hii iko chini yangu. Kama imekosea, nataka kuona. Mnipe nafasi niijaribu, halafu mfanye mnachotaka."

"Tumekwisha kuijaribu," Mkurugenzi akasema. "Inafanya sawa."

"Sijaijaribu mimi. Subirini."

Yule wa mlangoni akatazama nje uani, kulikokuwa na gari lake, kisha akaegemea ukuta. "Fanyeni upesi."

Nikaketi mimi. Nikaandika jina la uongo, nikabonyeza Enter. Diski ikanguruma kidogo, maana programu ilikuwa ikilihifadhi jina kwanza. Swali la kundi likatokea. Nikabonyeza O. Likatokea swali la mwisho, kwa Kifaransa: Enregistrer? O/N. Ni kusema, nihifadhi? O ni Oui, ndiyo. N ni Non, hapana. Nikabonyeza O. Printa ikakwaruza utepe: kundi O.

Sawa.

Nikajaribu tena. Nikaingiza A, kisha O, kisha B, kisha O. Nikajaribu AB, ambayo yule mtaalamu aliipa kitufe cha X kwa sababu anazozijua yeye. Kila utepe ulitoka sahihi. Nataka mnielewe hapa, kwa sababu sijawahi tena kuhisi hivyo mbele ya kompyuta. Maisha yangu yote ya kazi nimefurahi programu inapojibu sawa. Asubuhi ile kila jibu sahihi lilikuwa kamba nyingine kwenye mikono ya Consolata, na aliyekuwa akizifunga ni mimi. Nilimsikia yule mtu nyuma yangu akihesabu funguo zake kwa vidole, cheng, cheng.

"Mmeona?" Mkurugenzi akasema.

Madamu alininong'oneza, "Wewe unabonyeza kama malaika." Kisha akasema kwa sauti, "Nataka aandike yeye mwenyewe."

"Huyu hagusi tena mashine hii!" Mkurugenzi akasema. "Ataharibu ushahidi."

"Ushahidi uko kwenye kadi za Bahati, na kadi anazo mfukoni. Au unaogopa nini?"

Mbele ya yule mtu, Mkurugenzi hakutaka kuonekana anaogopa. Consolata akaletwa. Bahati akampa rundo la kadi za zamani, A na O na B zikiwa zimechanganyika. Akaanza kuandika, na moyo wangu ukashuka hadi kwenye kandambili. Alikuwa anaogopa, na mwenye kuogopa huwa mwangalifu. Alitazama kadi, akatazama kibodi, akabonyeza kitufe kimoja, akainua macho kwenye kioo, akangoja. Aliandika kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Tepe zote zikatoka sahihi.

"Basi," yule mtu akasema, akajitenga na ukuta.

"Bado," Madamu akasema.

"Mama, umeomba, tumekupa."

"Nimesema bado. Mtu akikutazama unavyotembea, utajikwaa au utatembea kama bwana harusi. Huko si kutembea kwako." Akanyoosha mkono, akazima kioo. Kile kijani kikafa. Kompyuta yenyewe ilikuwa bado inanguruma. "Consolata, hapa ni kwa masista. Hakuna kioo. Kuna karatasi tu. Piga."

Nikaona mgongo wa Consolata unanyooka wenyewe. Akaweka kadi kushoto, akaweka macho kwenye kadi, na vidole vikaanza.

Madamu akanishika bega, akaninong'oneza: "Sikiliza."

Nilifumba macho. Jina likapita kama mvua juu ya mabati. Enter, ta. Diski ikaanza kunguruma. Akangoja kidogo; diski bado. Kisha, ta, Enter nyingine, kama mtu anayegonga tena mlango usiofunguliwa haraka. Halafu herufi ya kundi. Halafu O ya kukubali. Kadi inayofuata. Si kila mara aligonga mara ya pili. Aligonga pale tu diski ilipochelewa.

Nikafumbua macho. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, na nikaogopa kusema, nisije nikawa nimekosea.

"Madamu," nikasema, "ile Enter ya pili inakwenda wapi?"

Alikuwa akitabasamu, jambo lililotokea mara chache kama mvua ya Julai. Akakata ukanda wa tepe kutoka kwenye printa, akampa Bahati. Bahati akazilinganisha na kadi, moja moja, akifuatisha kwa kidole kinene. Akasimama kwenye moja.

"Hii kadi ni O," akasema. "Mashini imesema A. Mbele yake alikuwa nani? A." Akaendelea. "Na hii! Kadi O, mashini B. Mbele yake, B. Yesu wangu."

Sasa nieleze, na ninyi mniambie kama mngeiona kwa kusoma programu tu. Ile Enter ya pili haikupotea. Ilikaa kwenye foleni. Diski ilipomaliza, programu ikauliza kundi, ikaita getch, na getch ikachukua aliyekuwa mbele: Enter. Enter si A wala B wala O. Mtaalamu wetu alikuwa ameandika kwamba jibu lisiloeleweka lipuuzwe, lakini hakufuta herufi ya mgonjwa aliyetangulia. Kwa hiyo mgonjwa mpya akarithi kundi la mwenzake. Kisha programu ikauliza, nihifadhi? Na kilichokuwa kinafuata kwenye foleni ni ile herufi ya kundi aliyoibonyeza Consolata. Kama ilikuwa A au B, haikuwa ndiyo wala hapana, kwa hiyo mashine ingelia na kuuliza tena, na Consolata angeinua macho kabla ya kubonyeza O yake ya mwisho, na kurekebisha. Lakini kama ilikuwa O, ilikuwa ndiyo. Mashine ikahifadhi, ikaenda kwa mwingine bila kulia. O yake ya mwisho nayo iligeuka mwanzo wa jina la mgonjwa aliyefuata. Bahati alikuwa amekwisha kuona majina kadhaa yenye O mbele, akadhani ni uchovu wa binti.

Ndiyo maana ni O peke yao. Hakuna aliyewachagua. Ni kwamba kwa Kifaransa damu yao na neno "ndiyo" vinaanza na kitufe kimoja.

Nilieleza hayo yote kwa Kinyarwanda, haraka, maneno yakigongana. Mkurugenzi alitikisa kichwa. "Hizi ni hadithi za mafundi. Mnateteana."

Madamu akamgeukia yule wa mlangoni. "Bwana, kundi lako la damu unalijua?"

"O," akasema. "Walinipima zamani."

"Njoo uketi hapa."

Nilidhani atakataa. Akaja, akakaa, koti likalia kwenye kiti. Madamu akawasha kioo. Yule mtu akaandika jina lake kwa vidole viwili vya shahada, akizitafuta herufi kama kuku anayedonoa. Sikuliangalia jina, nililazimisha macho yangu yakae ukutani.

"Bonyeza Enter. Sasa mashine bado haijakujibu, wewe una haraka. Bonyeza tena. Sasa kundi lako."

Akabonyeza O. Kioo kikasafishwa, kikauliza jina la mgonjwa mwingine.

"Mbona haikuniuliza kama nakubali?"

"Imekuuliza," Madamu akasema. "Umeshajibu ndiyo."

Printa ikakwaruza. Bahati akauchana utepe akampa mkononi. Aliyetangulia kwenye kadi alikuwa B. Yule mtu akasoma jina lake, akasoma herufi iliyo chini yake, akasoma tena.

"Wangenipa B?"

"Wangekupa B, mkubwa," Bahati akasema kwa upole. "Na mimi ningekuja kukupima tena ukiwa huna haja ya damu."

Consolata alikuwa amefunika mdomo kwa viganja vyote. Yule mtu akakunja utepe, akautia mfukoni, akasimama. Akamtazama Consolata, na ninawaambia ukweli, sikuona huruma wala aibu usoni mwake. Niliona mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Kumbe hata mashine inaweza kuwa icyitso," akasema, akatoka. Tukasikia gari likiondoka. Hakuna aliyeketi mpaka mlio wake ulipopotea.

Mchana ule ule niliirekebisha programu, na mistari ile bado naijua kama ninavyoijua Fatiha. Kabla ya kila swali, while (kbhit()) getch(). Yaani, maadamu kuna kitufe kwenye foleni, kichukue ukitupe. Kisha uliza. Herufi ya mgonjwa aliyetangulia inafutwa kwanza. Jibu lisiloeleweka halipuuzwi, linaulizwa tena. Na O haikuwa tena ndiyo. Mtu alitakiwa kuandika neno zima. Waandishi walinung'unika kwamba nimewachelewesha. Niliwaacha wanung'unike. Bahati na wasaidizi wake waliwapima upya wote waliokuwa na utepe.

Consolata aliambiwa aende nyumbani, na asirudi tena hospitalini. Hakuombwa radhi. Tulipokuwa tukitoka naye, Madamu Spesiyoza akamfungulia mlango wa gari.

"Jumatatu uje ofisini kwangu," akamwambia. "Nahitaji mtu wa kuharibu programu za Zena."

"Kuharibu, Madamu?"

"Wewe piga taipu tu. Zitaharibika zenyewe."

Ndivyo alivyofanya. Kwa miezi iliyofuata kila nilichokiandika kilipita chini ya vidole vya Consolata, na karibu kila kilichopita kilivunjika. Nilimchukia kila jioni na kumpenda kila asubuhi. Lakini hatukuwa na raha. Mara kwa mara gari moja liliegeshwa ng'ambo ya ofisi, mtu amekaa ndani, anasoma gazeti bila kugeuza ukurasa. Consolata alianza kupita mlango wa nyuma. Redioni walisema maneno ambayo sitayarudia. Kila mlio wa simu ulitufanya sote watatu tuinue vichwa kwa pamoja, na kila mmoja kujifanya hakuinua.

Kwa Pasaka ya mwaka 1994, Bwana Bahati alikwenda kwao Bukavu, na akamwalika Consolata akale sikukuu na dada zake. Consolata alisitasita, mama yake alikuwa na kifua. Madamu ndiye aliyemwambia aende, kazi itangoja. Akaenda.

Siku chache baadaye yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Yale ya Biryogo siyaandiki hapa. Niliyasema mahali palipostahili, mbele ya watu waliostahili kuyasikia. Nyumbani kwa akina Consolata, Niboye, hakubaki mtu. Madamu Spesiyoza hakuwa Mtutsi, kitambulisho chake kisingemuua. Walimuua mlangoni kwake kwa sababu kulikuwa na watu wamejificha ndani, na hakusogea.

Mji ulipotulia, Julai, nilikwenda ofisini. Vioo vilikuwa vimebebwa, disketi zimetapakaa uani. Nilifagia. Sikujua jambo lingine la kufanya. Baada ya muda Consolata akarudi. Aliingia kwa mlango wa mbele, amekonda, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Madamu yuko wapi?" Niliweka ufagio chini nikamwambia. Na yeye akaniambia ya Niboye. Tulikaa sakafuni.

Tulisikia kwamba mama yake Madamu amepona, anaishi Kagugu, ambako siku zile kulikuwa ni migomba na mashamba ya maharage. Tulikwenda kwa miguu. Tulimkuta ameketi mlangoni, bibi mdogo wa umbo, macho kama ya binti yake. Tulijitambulisha kuwa tulifanya kazi naye. Akatukaribisha kwenye mkeka.

"Niambieni," akasema. "Kazi yake hasa ilikuwa nini? Kila nikimuuliza aliniambia, mashine, Mama, mashine. Sikuelewa kitu."

Nikaanza. Nikasema kuna kibodi, kuna herufi, mtu akibonyeza herufi inakaa kwenye foleni. Bibi alinisikiliza kwa adabu. Consolata akanigusa goti, nikanyamaza.

"Mama," Consolata akasema, "watu walikuja kunichukua. Walikuwa na gari nje. Binti yako akavuta kiti, akawaambia wasubiri. Wakasubiri. Mpaka akapata kilichoniokoa."

"Hawa wa mwisho hawakusubiri," Bibi akasema.

"Hapana, Mama."

Akainuka taratibu, akaingia ndani. Tulidhani amekwenda kulia, tukaanza kujitayarisha kuondoka. Akatoka na ungo wa maharage yasiyochambuliwa, akauweka katikati yetu, akaketi tena. Sote watatu tukainamisha vichwa, tukaanza kuchambua.